Mashuka Yaliyonyunyiziwa Maji

Kila Jumamosi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kujigamba, Mama alikuwa ameshafunga kilemba na kuvaa viatu vyake vya mpira. Alikuwa dobi katika nyumba ya wageni yenye vyumba ishirini na viwili, na mashuka ya vyumba vyote hivyo yalimngoja yeye na mikono yake miwili. Lakini hata akichelewa vipi, hakutoka bila kusimama mlangoni na kusema maneno yaleyale.

"Mashuka, mwanangu. Kila wiki, bila kukosa. Ukilala na shuka wiki mbili, wiki ya tatu ndilo linalokulalia wewe."

"Nimesikia, Mama," binti yake alijibu, sauti ikitokea chini ya blanketi.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na pale uani walimwita Dobi Mdogo. Jina alipewa na Fundi Cherehani, mama wa mlango wa pili, siku alipomwona akikunja shuka pembe kwa pembe mpaka likawa dogo kama daftari. Mama alimfundisha kukunja namna ile, kama wakunjavyo kule nyumba ya wageni. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," Fundi Cherehani alisema akicheka, "na mtoto wa dobi ni dobi mdogo!"

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili na vitanda viwili. Kwenye kimoja walilala Mama na mdogo wa Dobi Mdogo, mvulana wa miaka mitano aliyeitwa Kibonge kwa ajili ya mashavu yake. Kwenye kingine walilala Dobi Mdogo na Bibi. Bibi alikuwa mama yake Baba. Baba alipofariki, watu walidhani kwamba Bibi angefunga virago aende kwa binti yake wa kumzaa. Bibi aliwajibu, "Mwanangu kaniachia watu watatu hapa. Niende wapi?" Akabaki. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, aliona watu kama mtu aonavyo kivuli nyuma ya pazia. Hata hivyo alimwogesha Kibonge, akamlisha, akamfunga vifungo vya shati kwa kupapasa. Alimwita Kibonge "mume wangu", naye Kibonge alimjibu "mke wangu" kwa sauti nzito ya kujitia uzee, na uani kote watu walicheka.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya mpira wa pete. Shuleni walimchagua Dobi Mdogo kuingia kwenye timu, na mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi moja foleni ya bombani ilikuwa ndefu kama treni. Alitazama ndoo zake, akatazama jua lilivyopanda, akaona akifua mashuka manne na foronya zake hatafika uwanjani. Ndipo alipopata akili ambayo aliiona ni ya ajabu. Alitia maji kidogo kwenye bakuli, akachanganya na chembe za sabuni, akachovya vidole na kuyanyunyizia mashuka kama mchuuzi anyunyiziavyo mboga zisinyauke. Akayatundika kambani, mbele ya macho ya majirani wote. Aliporudi kutoka mazoezini aliyaanua, akayakunja pembe kwa pembe, akayalaza chini ya godoro yajipige pasi, kisha jioni akayatandika.

Mama alirudi amechoka, akapitisha kiganja juu ya kitanda, akatabasamu. "Ahsante, Dobi Mdogo wangu." Kwa macho hakuona kitu, na kwa pua asingenusa kitu. Miaka ya kuinamia dawa ya kung'arisha mashuka ilikuwa imemwulia pua. Yeye mwenyewe alifanyia utani jambo hilo: "Ukinishikia ua na soksi ya mcheza mpira, nitasema ahsante kwa vyote viwili."

Jumamosi iliyofuata msichana alinyunyizia tena, na iliyofuata tena. Akaendelea hivyo mpaka mwezi wa pili tangu aanze.

Aliyeanza kujikuna alikuwa Kibonge. Alijikuna katikati ya vidole, kiunoni, kwapani, na usiku ndiyo hakushikika. Baada ya siku chache nyumba nzima ilijikuna. Mama akambeba mtoto mpaka zahanati.

Muuguzi alikifungua kiganja cha Kibonge chini ya taa, akatazama vijistari vyekundu kati ya vidole. "Upele," alisema. "Ni wadudu wadogo mno, hawaonekani kwa macho. Wanachimba ngozi na kutaga mayai humo. Mmoja akiwa nao, anawagawia wote anaolala nao."

Akatoa dawa ya kupaka na maelekezo, huku akihesabu kwa vidole ili Mama asisahau. Watu wote wa nyumba wapake siku moja, kuanzia shingoni mpaka nyayoni, hata asiyewashwa. Siku hiyohiyo mashuka, foronya, blanketi na nguo za kulalia zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani mpaka zikauke kabisa. Baada ya wiki moja warudie yote.

"Msipofua," alisema, "mtajipaka dawa, halafu mtarudi kulala na wadudu walewale. Na mkishapona, mashuka yafuliwe kila wiki. Jasho, mafuta ya mwili, vumbi, ngozi inayobanduka, vyote vinabaki kitandani. Na mtu akiumwa, msingoje wiki iishe."

"Kufua ndiyo kazi yangu, dada," Mama alisema. "Hilo usiwe na shaka nalo."

Siku ya kupaka dawa ilikuwa Jumamosi. Nyumba ya wageni ilijaa, Mama akanyimwa ruhusa. Akamwachia Dobi Mdogo sufuria kubwa, mkaa na sabuni. "Leo maji ya moto, mwanangu. Leo si kama siku nyingine."

Leo kweli haikuwa kama siku nyingine. Ilikuwa siku ya mechi na shule ya ng'ambo ya barabara. Dobi Mdogo alisimama mbele ya sufuria, akajiambia, "Dawa tumepaka. Dawa ndiyo inayoponya." Akachukua bakuli. Bibi alikuwa ameketi kizingitini na Kibonge mapajani, uso wake umeelekea uani. Wiki ya pili, siku ya kurudia dawa, msichana alifanya vilevile. Mara hii hata hapakuwa na mechi. Kosa likishazoeleka halihitaji sababu.

Baada ya wiki tatu upele ulirudi, na safari hii ulirudi na hasira. Vidole vya Kibonge vilitunga usaha, akapata homa. Muuguzi alimchoma sindano, kisha akamgeukia Mama.

"Wote mlipaka?"

"Wote."

"Matandiko mlifua kwa maji ya moto?"

Mama alikaa wima. "Dada, mimi ni dobi. Matandiko yalifuliwa, mara zote mbili."

Muuguzi alifikiri kidogo. "Basi labda yupo mmoja ambaye hakupaka dawa vizuri."

Mama alitembea na sentensi hiyo njia nzima. Alipofika nyumbani ilikuwa imeshapata jina la mtu. Ni Bibi aliyelalamika kwamba dawa inanuka mafuta ya taa. Ni Bibi aliyekataa kusaidiwa kupaka mgongoni, akasema hajazeeka kiasi hicho.

"Mama," alimwambia mkwewe, akijitahidi kushusha sauti, "ile dawa ulipaka?"

"Nilipaka."

"Mwili mzima?"

"Kuanzia shingoni mpaka nyayoni, kama ulivyosema."

"Mama, mtoto anaungua homa! Kama hukupaka, sema tu. Sitakulaumu."

"Nimesema nilipaka."

"Basi upele umetoka wapi?" Sauti ya Mama ilipanda, ikavuka ukuta. "Mashuka yamefuliwa! Sisi sote tumepaka! Mbona husemi kweli, mtu mzima?"

Kule uani cherehani ilinyamaza. Fundi Cherehani akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea ili wengine wasikie, "Wazee bwana! Dawa hawapaki, kuoga wanachagua siku, halafu wanaopata tabu ni watoto."

Dobi Mdogo alikuwa amesimama kwenye mlango kati ya vyumba viwili. Bibi aligeuza uso wake kumwelekea. Macho yale yenye ukungu yalitulia juu yake muda mrefu, kama mtu aliyebisha hodi na sasa anangoja kufunguliwa. Msichana alitazama sakafu.

Bibi akavuta pumzi. "Haya," alisema polepole. "Nitakwenda kwa binti yangu."

Mama hakumzuia.

Asubuhi yake Bibi alitoka na mfuko mmoja. Kibonge alimkimbilia, vidole vimefungwa bandeji, akitaka kumshika mkono. "Mke wangu, tunaenda wote!"

Bibi akarudisha mikono yake nyuma. "Usinishike, mume wangu," alisema. "Usinishike. Nitakuambukiza."

Akaondoka akipapasa ukuta. Kibonge alibaki katikati ya ua, mkono wake bado umenyooshwa.

Siku nne kitanda kilikuwa kikubwa mno kwa Dobi Mdogo. Alilala ukingoni na kuiacha nafasi ya Bibi wazi. Katika kipindi cha michezo shuleni alidaka mipira kama mtu aliyevaa glavu za udongo, mwalimu akamtoa nje.

Jumamosi ikafika. Muuguzi alikuwa amewapa dawa upya, na Mama akaacha tena sufuria, mkaa na sabuni. Dobi Mdogo alikuwa uani akiwasha jiko, akimsikiliza Kibonge akicheza na mtoto wa Fundi Cherehani nyuma ya matangi ya maji.

"Bibi yako yuko wapi?" mtoto yule aliuliza.

"Kaenda."

"Kwa nini?"

"Mchafu," Kibonge alisema. Alilisema kwa upole, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja rangi ya nguo. "Bibi yangu ni mchafu."

Dobi Mdogo aliinuka. Alimwaga maji juu ya mkaa, akamwomba Fundi Cherehani amwangalizie mdogo wake, akaenda mbio mpaka nyumba ya wageni. Hakupita mlango wa wageni. Alizunguka nyuma, kwenye karo la saruji la kufulia, ambako mashuka meupe yalining'inia safu kwa safu mpaka mtu asione ukuta. Alimtambua Mama kwa viatu vyake vya mpira, chini ya safu ya tatu.

"Mama."

Mama alichungulia, mikono imejaa povu. "Kuna nini? Kibonge?"

"Kibonge hajambo. Mama, Bibi alipaka dawa. Ni mimi. Mimi sikufua."

"Hukufua nini?"

"Mashuka. Nilikuwa nayanyunyizia maji tu. Nikayaanika, nikayakunja. Sikuyafua."

Mama alifunga bomba. Mashuka yalipigwapigwa na upepo. "Lini?"

"Tangu niingie kwenye timu."

"Na siku ya dawa?"

"Siku ya dawa pia."

"Zote mbili?"

Msichana aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandaa kwa kofi, hata shavu alikuwa amelikaza. Kofi halikuja. Mama alishuka taratibu akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, mikono yake iliyochunika ikidondosha maji juu ya magoti.

"Mama yangu mimi," alinong'ona. "Nimemwita mwongo mama wa watu. Mama wa mume wangu. Nimemwacha ashike njia peke yake na macho yale." Kisha akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, na hicho kilimwumiza Dobi Mdogo kuliko fimbo ambayo angechapwa.

Mchana ule Mama aliomba ruhusa kwa namna ambayo msimamizi hakuweza kukataa. Wakachemsha maji, sufuria baada ya sufuria. Walipotumbukiza shuka la kwanza, maji yakageuka rangi ya chai. La pili vilevile. Mama aliyatazama maji yale, akayamwaga. Walifua, wakasuuza, wakaanika kila kilichoguswa na mwili wa mtu, hata pazia. Jioni wakapaka dawa wote.

Jumapili walikwenda kwa Shangazi, yule binti wa Bibi. Nyumba ya Shangazi ilijaa watoto wake na wa mumewe, kwa hiyo Bibi alipewa nafasi kwenye stoo, mkeka wake kati ya magunia na baiskeli mbovu. Walimkuta ameketi, mikono ameikunja kifuani kama mtu asiyetaka kugusa kitu cha wenyewe.

Mama alipiga magoti. "Mama, nisamehe. Nilikuhukumu bila kosa."

Dobi Mdogo naye akapiga magoti, akasema yote, tangu foleni ya bombani mpaka sufuria ambayo haikuwahi kuchemka. Machozi yalimkatiza mara tatu, akarudia palepale alipokatizwa, bila kuruka.

"Najua," Bibi alisema.

Mama aliinua kichwa. "Unajua?"

"Macho yangu ndiyo yenye mtoto wa jicho. Masikio hayana. Mtu akifua, nasikia anavyofikicha, nasikia maji yakimwagwa. Jumamosi zote zile sikusikia kitu. Na shuka nalilalia mimi, nalinusa mimi."

"Sasa mbona hukusema, Mama? Mbona uliniacha nikutukane?"

"Ningesema, nani angeniamini? Kikongwe asiyeona, dhidi ya Dobi Mdogo anayesifiwa na ua mzima?" Aliipapasa pembe ya mkeka. "Halafu nilitaka mtoto aseme mwenyewe. Siku ile nilimgeuzia uso, nikangoja. Nikajisemea, sasa hivi atasema. Sasa hivi." Sauti yake ilikatika. "Sikuja huku kwa sababu ya upele. Nimekuja kwa sababu nilingoja, na mtoto niliyemlea hakusema."

Dobi Mdogo aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa sakafu.

"Na mimi nina kosa langu," Bibi aliendelea, akiifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nililinda aibu yako, mjukuu wangu, na vidole vya mdogo wako vikaoza. Anayefunika uchafu wa mtoto kwa mapenzi anamlaza mtoto humohumo. Siku ya kwanza tu ningekuita kando nikakukanya."

Hakurudi nao siku ile. Alisema kwanza ajipake dawa waliyomletea, nguo zake zichemshwe, na wiki ya pili arudie kama muuguzi alivyoagiza, ndipo atakapokuja. Akaja kweli, siku ya kumi na tano. Vidole vya Kibonge vilikuwa vimekauka, homa imekwisha, na nyumbani hapakuwa na mtu anayejikuna. Fundi Cherehani, aliyekwisha kuambiwa ukweli, alitoka kumpokea mfuko, akaomba radhi kwa sauti ileile aliyotukania, ili ua wote usikie.

"Mke wangu karudi!" Kibonge alipiga kelele, akamrukia.

Na Bibi, bila kujua, akarudisha mikono yake nyuma.

Ilikuwa nukta moja tu. Mara akacheka, akampapasa mashavu. Lakini Dobi Mdogo aliona. Usiku huo akaona tena: Bibi alijibana ukingoni mwa kitanda, amejikunyata, asimguse mjukuu wake hata kwa kisigino.

Jumamosi iliyofuata Mama alipata mapumziko. Mama na binti walifua pamoja uani, kwa maji waliyoyateka alfajiri kabla foleni haijaanza. Mazoezi yalikuwa yamesogezwa mpaka alasiri. Dobi Mdogo alikuwa amemwomba mwalimu, na mwalimu alikubali palepale. Kumbe ingetosha kuomba tu.

"Mama," msichana alisema, sauti chini, "Bibi bado anaogopa kutugusa. Na mashuka ni safi. Nayafua mimi mwenyewe."

"Nimeona."

"Nifanye nini?"

Mama alisuuza shuka, akalitoa majini. "Uchafu wa shuka unaisha kwa siku moja," alisema. "Maji, sabuni, jua, basi. Lakini hata shuka huwezi kulifua leo ukasema umemaliza mpaka mwakani, kwa sababu watu wanalilalia kila siku. Na sisi tulimpaka mzee wa watu aibu ambayo haikuwa yake, wewe kwa kunyamaza, mimi kwa mdomo wangu. Aibu ya namna hiyo haitoki kwa kufua mara moja. Tutairudia. Kila wiki useme kweli, kila wiki ufanye kazi yako hata kama hakuna anayekuona, na kila wiki umsogelee yeye kabla hajakusogelea."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mikono yake isahau."

"Hata ikiwa mwaka?"

"Hata ikiwa mwaka, mwanangu. Haya, shika ncha hiyo."

Dobi Mdogo akashika ncha ya shuka, Mama akashika nyingine, wakalikamua, huyu akizungusha kulia na yule kushoto, mpaka maji yaliyodondoka yakawa meupe.